Vita vya Mezani kwa Abti

Wasomali wana neno la kuwaita wanaume wanaoshinda mkahawani wakibishana: fadhi-ku-dirir, yaani wapigana vita hali wameketi. Ni tusi, ila ni tusi ambalo karibu kila mwanamume wa Garissa amewahi kulistahili, na mimi nimelistahili kwa miaka 19. Wenzetu walipigania siasa za Mogadishu, au ukoo gani utoe mbunge. Sisi tulipigania kompyuta.

Uwanja wetu ulikuwa meza ya mbao mbele ya kibanda cha abti, yaani mjomba wangu, karibu na Soko Mugdi. Mugdi ni giza, jina la ajabu kwa soko la mji ambao jua lake humtoa mtu machozi. Ndani ya kibanda mlikuwa na kompyuta nne, printa iliyopenda kula karatasi, na kabati la kioo lililojaa betri na vifuniko vya simu. Nje palikuwa na mabenchi mawili na mama aliyeuza chai ya maziwa ya ngamia yenye hiliki. Aliyetaka kuingia intaneti alilipa kwa dakika, na dakika zilikuwa ghali. Nyaya za baharini zilikuwa bado hazijafika Mombasa, zilifika mwaka 2009, kwa hiyo barua pepe ya kutoka kwetu kwenda Nairobi ilipanda kwanza hadi kwenye setilaiti. Aliyengoja zamu yake alikaa mezani. Akikaa mezani, alibishana.

Nilifika pale mwanzoni mwa 2006. Matokeo yangu ya kidato cha nne hayakunipeleka popote, basi mama akanipeleka kwa kaka yake. Kwetu mjomba na mpwa huitana jina moja. “Abti, leta stuli.” “Haya, abti.” Mgeni hukaa akishangaa ni nani mjomba wa nani.

Wapiganaji wa kudumu walikuwa wanne, ukimtoa abti ambaye alisema neno moja kwa saa. Kulikuwa na mwalimu wa fizikia kutoka Kitui. Kulikuwa na dereva wa lori aliyekwenda Nairobi na Dadaab na kurudi na habari za kila kilichowasili Eastleigh kutoka Dubai. Kulikuwa na fundi, Mmunyoyaya wa kando ya Mto Tana, aliyejifunza kazi kwa kufungua redio za watu bila ruhusa. Na kulikuwa na mimi, niliyekuwa na umri mdogo kuliko wote na sauti kubwa kuliko wote. Kwa ajili ya mwalimu tulibishana kwa Kiswahili. Kisomali kilibaki cha matusi na hesabu za pesa.

Si kwamba tulianzisha jambo jipya. Baba zetu walibishana kuhusu redio: ipi inaishika Idhaa ya Kisomali ya BBC jioni bila kukwaruza, na betri za aina gani hudumu. Baada ya Somalia kusambaratika mwaka 1991 ukaja mjadala wa taar, ile redio ya mawimbi ambayo watu walitumia kutafuta ndugu zao waliopotelea Kismayu au ng'ambo. Nayo Garissa Lodge, nyumba ya wageni ya Eastleigh iliyobeba jina la mji wetu, iligeuka soko wakati wakimbizi walipoanza kuuza bidhaa ndani ya vyumba walimolala. Kutoka maduka ya aina hiyo ndiko zilikotoka karibu silaha zote za meza yetu: mashine zenyewe mara chache, katoni na karatasi zake kila mara. Tulijua kwa moyo tarakimu za vyombo ambavyo hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuvishika.

Mwaka 2007 chombo kimoja kilikuja kweli. Dereva alikishusha kwenye lori kikiwa bado na plastiki yake: kompyuta ya gigahezi 3. Zile nne za zamani zilikuwa za megahezi 800, mitumba ya ofisi za Ulaya, rangi yake imekuwa kama meno ya mvuta tumbaku. Nilikuwa mpiga debe wa ile mpya. Mwalimu alinipa hesabu: mapigo bilioni tatu kwa sekunde dhidi ya milioni mia nane, karibu mara nne. Fundi alisema mashine za zamani ni imara. Nikamwambia uimara ni sifa ya punda. Abti akasema, “Tutaona kwenye harusi.”

Alimaanisha kazi iliyotulisha. Harusi ya Garissa hurekodiwa saa nyingi, kisha kila shangazi, wa hapa na wa Minneapolis, hutaka nakala yake ya diski. Kugeuza kanda kuwa diski ni kazi inayoikamua kompyuta hadi tone la mwisho. Asubuhi ya kwanza ile mpya ilimaliza saa nzima ya harusi kwa muda wa saa moja hivi, wakati kizee kilichokuwa kando yake kilikuwa bado kinahangaika na wageni wanaoingia. Nilizunguka meza kama mtu aliyeshinda uchaguzi.

Saa nane mchana nikaweka harusi nyingine. Ile mpya ikajizima bibi harusi akiwa mlangoni mwa ukumbi. Tukaiwasha, tukaanza upya. Ikajizima bibi harusi akiwa pale pale mlangoni. Mara ya tatu hakufika hata mlangoni. Adhana ya Alasiri ilipolia, kizee cha megahezi 800 kilikuwa kimefika kwenye keki.

Fundi alifungua kifuniko na kutuonyesha. Feni ya kompyuta haitengenezi baridi. Inasukuma hewa iliyomo chumbani, basi. Chumba kikiwa na nyuzi 40, hewa ya nyuzi 40 ndiyo inayotumwa kwenda kuipoza chipu. Chipu imewekewa kikomo cha joto: ikikikaribia inapunguza mwendo, ikikipita inazima ili isiungue. Mtu anayeijaribu mahali penye nyuzi 20 ana nafasi ya nyuzi 20 zaidi yetu kabla ya kufika kwenye kikomo hicho. Halafu vumbi, lile vumbi letu jekundu laini kama unga, lilikuwa tayari limeshavaa mbawa za feni baada ya majuma mawili tu. Kile kizee, kwa upole wake, kilitoa joto dogo kiasi kwamba hata hewa ya Garissa ilitosha kukipoza.

Fundi akapiga vumbi brashi, akabadilisha dawa nyeupe iliyo kati ya chipu na bamba lake la kupozea, na abti akatoa amri iliyodumu hadi mashine ile ilipokufa: harusi zitengenezwe baada ya swala ya Isha.

Mwalimu alisema jioni ile ile, mbele ya watu wote, “Nimekosea, niliyasahau mazingira.” Kisha akaagiza chai. Mimi sikukosea. Kwa wiki nzima nilisema tatizo ni umeme, ambao kweli enzi hizo ulitoka kwenye jenereta za dizeli za mji na ulipanda na kushuka kama kifua cha mgonjwa. Nilikuwa na nusu ya ukweli, na nusu ya ukweli ni kitu kizuri sana kwa mtu asiyetaka kushindwa. Nilimwona mwalimu kama mtu dhaifu. Nilikuwa na miaka 20.

Sasa nije kwa jambo ambalo ningependa kulipita.

Kulikuwa na mama aliyeleta maziwa ya ngamia mjini alfajiri kwa madebe ya plastiki. Nilimwita habaryar, mama mdogo, ingawa hatukuwa na undugu, naye akaniita habaryar vilevile, kwa desturi ile ya mkubwa kumrudishia mdogo jina. Simu yake ilikuwa Nokia 1100, ile iliyotoka mwaka 2003 na kuuzwa zaidi ya milioni 250 duniani, ambayo Wakenya huita mulika mwizi kwa ajili ya tochi yake. Kwao hakukuwa na stima. Alichaji kibandani kwetu kwa shilingi 20 kila aliposhuka na maziwa, na tangu M-Pesa ianze mwaka 2007 wateja wake wengi walimlipa kwa laini hiyo hiyo. Sidhani kulikuwa na chombo chochote Garissa kilichofanya kazi kuliko kile.

Mwaka 2011 vita vilikuwa vikali. Safaricom ilikuwa imeleta Ideos ya Huawei, simu janja ya kwanza ambayo mtu wa kawaida angeweza hata kuota kuinunua, na meza iligawanyika: wa vioo vya kugusa huku, wa vitufe kule. Dereva naye alikuja na katoni la simu za bei rahisi, jina lake likifanana na la kampuni kubwa kwa herufi zote isipokuwa moja. Zilikuwa na laini mbili, memori kadi, spika nne, na antena ya kuvuta ya kutazamia televisheni. Nilizipenda kama mtoto.

Habaryar akasimama pembeni ya meza siku moja, debe tupu mkononi, akaniuliza maswali mawili. Ina tochi? Chaji ya Jumatatu inafika Alhamisi?

Nilicheka. Nikamwambia hakuna anayeuliza hivyo siku hizi. Nikamtolea hotuba yote, laini mbili, kamera, televisheni, na mezani wakapiga makofi kwa sababu niliitoa vizuri. Alikuja kuuliza, nami nikabishana naye kana kwamba ni fundi. Akainunua. Antena ile, nisije nikasahau, haikuwahi kushika stesheni hata moja.

Mwaka uliofuata Tume ya Mawasiliano ya Kenya ikatangaza kwamba simu bandia zitazimwa mwisho wa Septemba 2012. Hilo nalo tukalipigania. Hoja yangu ilikuwa kwamba hawatathubutu, simu hizo ni nyingi mno. Mwalimu akatufundisha kubonyeza nyota, reli, sifuri, sita, reli, na namba ya tarakimu 15 ikatokea kwenye kioo. Kila simu halali ina yake peke yake. Usiku, peke yangu, nilijaribu zile zilizobaki kabatini. Mbili zilikuwa na namba moja, kama mapacha waliogawana cheti kimoja cha kuzaliwa. Nikazirudisha kabatini, na habaryar sikumwambia. Kumwambia kungekuwa kukubali mezani kwamba nilishindwa, na nilikuwa bado nashinda.

Walithubutu. Tarehe 30 Septemba karibu simu milioni 1.9 zilizimwa nchini. Habaryar alikuja siku ya tatu. Pesa zake zilikuwa salama, maana zinakaa kwenye laini wala si kwenye simu, lakini wateja hawakumpata kwa siku mbili. Maziwa ya ngamia huvumilia joto kuliko ya ng'ombe. Hayavumilii siku mbili za Garissa. Aliiweka ile simu mezani taratibu, spika zake nne zikitazama juu.

“Habaryar,” akasema, “nilikuuliza tochi na chaji. Wewe ukanijibu televisheni.”

Hakuna aliyecheka. Abti aliingia ndani, akatoka na mulika mwizi kutoka kabatini, akaipachika laini yake, akampa. Bei yake aliikata kwenye mshahara wangu bila kusema kitu, na zile simu bandia zilizobaki kabatini akaziponda kwa nyundo ya kugongea misumari ya hema. Tangu siku hiyo mtu akisifia kitu mezani kwetu, abti huuliza: umekitumia wapi, na kwa siku ngapi? Ni maswali mafupi. Yameua mabishano mengi matamu.

Mezani kuliwahi kunyamaza kweli kweli mara moja tu. Tarehe 2 Aprili 2015 watu 148 waliuawa katika Chuo Kikuu cha Garissa, na kafyu ikafuata, ya kutoka magharibi hadi asubuhi. Katika siku zile kibanda kilijaa watu waliotaka jambo moja: chaji. Wazazi walipiga simu kutoka kila pembe ya nchi, na simu isiyo na chaji ilikuwa jibu baya kuliko yote. Baadaye walimu wengi kutoka nje ya Kaskazini Mashariki waliondoka, na wa kwetu pia. Alikuja kuaga na mfuko wa mananasi, akakaa benchini dakika kumi, hakubishana na mtu.

Alirudi kwa njia ya simu. Desemba 2019 Rais Uhuru Kenyatta alipofungua kituo cha umeme wa jua nje ya mji, megawati 50, paneli zaidi ya 200,000 zimepangwa uwandani kama ng'ombe wa tajiri, dereva alipanda juu ya benchi kabisa. Jua la Garissa ndilo kali kuliko yote Kenya, akasema, kwa hiyo kila nyuzi ya joto ni pesa. Nilikubaliana naye mia kwa mia. Fundi akampigia mwalimu Kitui, akaiweka simu katikati ya meza, spika juu.

“Paneli inapenda mwanga,” ikasema ile sauti, ikikatikakatika. “Joto hailipendi.”

Tulimzomea. Akaendelea tu. Nguvu iliyoandikwa nyuma ya paneli, akasema, hupimwa paneli yenyewe ikiwa na nyuzi 25. Kila nyuzi inayozidi hapo hupunguza kiasi cha asilimia 0.4. Dereva akacheka sana, kwa sababu Garissa nyuzi 25 tunakutana nazo saa kumi na moja alfajiri, paneli ikiwa bado haijaona jua.

Mdomo wangu ulikuwa umeshafunguka kumjibu. Kisha nikaona macho ya abti, nikajua swali linalokuja, na mimi paneli nilikuwa nimeitumia wapi? Nikaenda kuchukua mita. Juu ya bati la kibanda tulikuwa na paneli ndogo ya wati 100 ya kuchajia simu. Fundi akapanda, akatoa nyaya, akapima: volti 18 na nukta tisa. Ilikuwa saa saba mchana, na ile fremu isingeshikika kwa mkono mtupu. Mama wa chai akatupa ndoo ya maji bila kuombwa, huku akisema maji ya kuchezea yalipiwe. Fundi akaimwagia paneli taratibu, nasi tukitazama mita. Kumi na tisa. Kumi na tisa na nusu. Ishirini na nukta tatu. Kisha bati likakauka, na namba ikaanza kurudi chini mbele ya macho yetu.

“Imepanda?” sauti ikauliza kutoka Kitui.

“Imepanda,” nikasema. “Mwalimu, nimekosea.” Halafu nikaagiza chai, nikajishangaa.

Tulimaliza hesabu kwa pamoja. Paneli inayochomwa hadi nyuzi 65 hupoteza kama asilimia 16 ya nguvu yake. Dereva alikataa kushuka benchini hivi hivi, na kwa haki alikuwa na hoja: jua letu huwaka siku nyingi mno katika mwaka hata hasara hiyo ikasameheka, na ndiyo maana kituo kikajengwa huku na si milimani Limuru kwenye baridi ambako paneli zingefurahi na mawingu yakazinyima kazi. Mwalimu akamkubalia. Hiyo ndiyo sehemu ninayoikumbuka zaidi. Watu wawili waliokuwa wakipingana kwa saa nzima wakagundua kila mmoja ameshika mkia au mkonga wa ngamia yule yule, ingawa ngamia hana mkonga, kama fundi alivyowakumbusha.

Siku hizi kibanda ni changu. Abti macho yamepungua. Hukaa kwenye kiti cha kamba na redio yake, na swali lake hulitoa bila hata kugeuka. Benchini wamekaa vijana wa chuo, na vita vyao ni vya kamera za simu, na tangu Oktoba 2025, Microsoft ilipoacha kuihudumia Windows 10, wanapigania kama kompyuta nzima zitupwe kwa sababu programu zake zimezeeka. Husikii mtu akisema “sijui”. Nawaelewa.

Wiki iliyopita mmoja wao aligonga kwa mguu sanduku la rangi ya meno ya mvuta tumbaku lililo chini ya meza, ambalo mama wa chai huliwekea chupa zake za chai. Akauliza ni nini. Nikamwambia ni megahezi 800, na kwamba liliwahi kuishinda gigahezi 3. Walicheka sana. Mmoja akasema haiwezi kuwaka tena. Mwingine akasema vitu vya zamani ni imara, na wa tatu akamjibu kwamba uimara ni sifa ya punda, nikageuka kumtazama vizuri. Dau likawekwa, chai ya watu wote. Chupa zikaondolewa, monita ikatafutwa, kebo ya umeme ikaazimwa kwa jirani wa nguo.

Tulipochomeka, stima ilikuwa imepotea. Mji mzima.

“Tuna megawati 50 pale nje,” akasema kijana, “na jua hili. Inawezekanaje?”

Mmoja akadai zile paneli haziwezi kutulisha peke yake. Zinafuata mapigo ya gridi ya taifa, na gridi ikianguka nazo hujizima. Mwingine akasema huo ni upuuzi, jua halihitaji ruhusa ya Nairobi. Sauti zikapanda. Abti, bila kugeuka, akauliza nani kati yao amewahi kuingia kituoni.

Nikatoa simu nikampigia mwalimu. Iliita hadi ikakatika. Tukaagiza chai.